Lini Mgeni wa Linux Apande Toleo? Swali la Newala na Masasi

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kuuhudumia mfumo endeshi wake wa Windows 10. Ukiacha nyongeza fupi ya muda kwa waliojisajili au kulipia, kompyuta inayoutumia mfumo huo haipokei tena viraka vya usalama. Habari hiyo haikutangazwa kwa kipaza sauti katika soko la Newala wala stendi ya Masasi, ingawa ni habari ya siasa na uchumi kama zilivyo habari za bei ya korosho. Watu wasiojua kwamba duniani kuna mahali panapoitwa Kitangari wameamua kuwa mashine anayoitumia mwalimu wa sekondari kuandaa mitihani, ambayo bado inawaka, inaandika na kuhifadhi, imefika mwisho wa maisha yake. Windows 11 inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 pamoja na prosesa ya miaka ya karibuni, hivyo kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazikubaliwi. Na huko kusini, kama ilivyo kwingi nchini, kompyuta mara nyingi hufika ikiwa imekwisha kutumika mahali pengine.

Mwenye mashine ya namna hiyo anaweza kununua nyingine, kama anazo fedha. Anaweza kuendelea kuitumia bila kinga, akiomba Mungu. Au anaweza kuhamia Linux, mfumo huria ambao Linus Torvalds wa Finland aliuanza mwaka 1991 na ambao hauombi ruhusa ya muuzaji yeyote ili uingie katika kompyuta ya zamani. Wapo walioichagua njia hii ya mwisho, na idadi yao katika watu ninaowafahamu inaongezeka: walimu, makarani wa vyama vya msingi, vijana wenye vibanda vya kuchapa na kutoa nakala, wahitimu wanaosubiri ajira. Wengi walisakinishiwa na rafiki jioni moja, rafiki akapanda basi la Dar es Salaam, na wao wakabaki na mashine.

Swali wanaloniuliza si la jinsi ya kusakinisha. Hilo lilikwisha. Swali ni hili: «Mwalimu, imeniandikia kwamba kuna toleo jipya. Nikubali au nikatae?» Ni swali dogo kwa sura, na wataalamu wengi hulijibu kwa neno moja bila kuinua kichwa. Mimi naliona kubwa, kwa sababu ndani yake kuna mishahara ya watu, majina ya wakulima, matokeo ya wanafunzi, na pia suala la nani ana haki ya kuamua saa ya badiliko.

Kabla ya kujibu, nitenganishe mambo mawili ambayo kompyuta yenyewe huyachanganya machoni pa mgeni. Kuna kusasisha, na kuna kupanda toleo. Kusasisha ni kupokea viraka vya toleo lilelile ulilonalo: kivinjari kinazibwa tundu, keneli inarekebishwa, programu ya ofisi inaondolewa hitilafu. Sura ya mashine haibadiliki, na kwa kawaida mtumiaji hajui hata kama kuna kilichotokea. Kupanda toleo ni kuhama kutoka msingi mmoja kwenda mwingine, tuseme kutoka Ubuntu 22.04 kwenda 24.04, na hapo maelfu ya vipande hubadilishwa kwa mkupuo mmoja.

Mkulima wa Newala hahitaji mhadhara juu ya tofauti hii. Kila mwaka mikorosho inapokaribia kuchanua, hupuliza salfa dhidi ya ubwiriunga. Hapulizi kwa sababu anapenda mambo mapya. Hupuliza kwa sababu ugonjwa haumsubiri, na salfa iliyofika baada ya maua kuungua ni unga wa manjano tu. Huko ndiko kusasisha. Kupanda toleo kunafanana na uamuzi wa kung'oa mikorosho mikuukuu aliyoiacha babu na kuweka miche bora ya kituo cha utafiti cha Naliendele. Ni uamuzi mzuri, na miti ikizeeka sana huwa ni wa lazima. Lakini hakuna mwenye akili timamu anayeshika shoka mwezi Novemba, korosho zinapoanguka. (Kiswahili, kwa hekima yake, kimetupa neno moja la kupanda mlima na kupanda mche. Sijapata kuona lugha ikirahisisha kazi ya mwandishi kiasi hiki.)

Kwa hiyo jibu la nusu ya kwanza ya swali halina mjadala: viraka vya usalama vikubaliwe, na vikubaliwe mapema, kila juma ikiwezekana. Anayesema kwamba kompyuta inayofanya kazi isiguswe anachanganya utulivu na uzembe. Mfano ninaowapa wanafunzi wangu ni wa tarehe 12 Mei 2017, siku kirusi kilichoitwa WannaCry kilipofunga mafaili ya watu na kudai fidia. Polisi wa Ulaya walikadiria waathirika zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, na hospitali za umma za Uingereza zililazimika kuwarudisha wagonjwa nyumbani. Kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetolewa tarehe 14 Machi mwaka huohuo, karibu miezi miwili kabla. Wengi walioumia walikuwa na dawa mlangoni na hawakuifungua. Kirusi kile kilikuwa cha Windows, ni kweli, na watumiaji wa Linux hupenda kujitapa kwa jambo hilo. Lakini majivuno hayo hayana msingi, kwa sababu Linux nayo ina matundu, na huzibwa kwa njia ileile ya mwenye mashine kukubali kuzibiwa.

Nusu ya pili ndiyo yenye mjadala, na hapa nagombana na marafiki zangu wawili kwa pamoja.

Wa kwanza ni mwanaharakati wa programu huria. Huyu ni kijana mwerevu na mkarimu, ana flashi tatu mfukoni, na kwake toleo lililotoka juzi ndilo toleo pekee. Humwambia mgeni: panda leo, ukichelewa unabaki nyuma. Namheshimu kwa kazi anayoifanya bila malipo, lakini ushauri wake ni wa mtu anayejua kuitengeneza mashine ikiharibika. Mgeni hajui. Humo ndimo ilimo tofauti yote. Wakati rafiki yangu huyu akiita hitilafu somo, karani wa chama cha msingi aliye katikati ya kuandaa malipo ya wakulima huiita msiba.

Nimkumbushe rafiki yangu tukio la tarehe 29 Machi 2024. Mhandisi Andres Freund aligundua kwamba kuingia kwake katika mashine moja kulikuwa kunachelewa takriban nusu sekunde kuliko kawaida. Mtu mwingine angeipuuza nusu sekunde. Yeye aliifuatilia, akakuta kwamba ndani ya programu ya kubana mafaili iitwayo xz, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ameficha mlango wa nyuma, baada ya kujijengea imani ya wenzake kwa zaidi ya miaka miwili. Waliokuwa hatarini zaidi walikuwa watumiaji wa matoleo ya majaribio na wale wanaopokea kila kipya kinapotoka. Aliyekaa katika toleo lililotulia hakuguswa, kwa sababu ya mwendo wake tu wala si kwa werevu wake. Toleo la Ubuntu 24.04 lenyewe lilikuwa likiandaliwa wakati huo, na hatua yake ya majaribio ilisogezwa mbele kwa wiki moja ili vipande vyake vijengwe upya.

Rafiki wa pili ni mtumishi wa umma. Yeye husema: ngoja. Ngoja mwongozo, ngoja bajeti, ngoja afisa TEHAMA arudi kutoka semina. Huyu hapandi toleo kamwe, na siku moja hugundua kwamba mfumo wake ulikoma kuhudumiwa mwaka juzi. Wahenga walituachia methali kwa kila mmoja wa hawa wawili, haraka haraka kwa huyu na ngoja ngoja kwa yule, na ndiyo maana methali pekee hazitoshi kuamua. Zinahitaji kalenda.

Basi tuisome kalenda. Namba ya toleo la Ubuntu ni tarehe: 24.04 ni mwezi wa nne wa mwaka 2024. Tangu la kwanza, 4.10 la Oktoba 2004, lililoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini kwa jina ambalo ni ndugu wa neno letu «utu», matoleo hutoka mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba. Lakini hayalingani. La Aprili katika mwaka wa shufwa (2020, 2022, 2024, na kwa ratiba hiyohiyo 2026) ni toleo la muda mrefu, na huhudumiwa miaka mitano. Yaliyobaki ni ya mpito, na huhudumiwa miezi tisa tu. Aliyesakinisha 25.04 kwa sababu namba yake ni kubwa kuliko 24.04 alijikuta huduma yake imekoma Januari 2026, ilhali jirani yake mwenye namba ndogo anahudumiwa hadi 2029. Namba kubwa imewaponza wengi. Mgeni akae katika toleo la muda mrefu, na asipande la mpito hata akiimbiwa. Linux Mint, ambayo mimi huwapendekezea wageni kabla ya nyingine zote, inajengwa juu ya matoleo hayo ya muda mrefu na imelirithi jambo hili: mfululizo wa 22, ulioanza Julai 2024, nao unahudumiwa hadi 2029.

Tazama sasa kinachofuata kutokana na hesabu hiyo. Toleo la muda mrefu hutoka kila baada ya miaka miwili na huishi miaka mitano. Aliyesakinisha lilipotoka ana karibu miaka mitatu ambamo anaweza kupanda siku yoyote anayoipenda bila kukosa kiraka hata kimoja. Miaka mitatu! Anaweza hata kuliruka moja la katikati lisimhusu, mradi akubali kwamba siku ya kuhama atasakinisha upya, kwa kuwa njia rasmi ya kupanda hupitia kila toleo la muda mrefu kwa zamu. Na mtu binafsi anayehitaji zaidi anaweza kujisajili bila malipo katika huduma ya Ubuntu Pro, kwa mashine zisizozidi 5, na kinga ikaendelea hadi mwaka wa kumi. Kwa hiyo ile hofu kwamba kidirisha kimetokea na lazima kijibiwe leo haina sababu. Kidirisha kinaarifu tu. Anayeamuru ni mwenye mashine.

Hili ndilo linaloitenga Linux na ile hadithi ya 14 Oktoba. Si kwamba huku hakuna mwisho wa huduma, upo. Ila mwisho huo unajulikana mapema, toleo linalofuata ni bure, kwa kawaida linaingia katika mashine ileile, na saa ya kuhama anaichagua mwenye mashine. Kizazi cha wazazi wetu kilikuwa na kauli ya «Uhuru na Kazi». Sehemu ya pili ya kauli hiyo ndiyo wanaharakati wengi wa programu huria husahau kuitaja wanapogawa flashi.

Kazi yenyewe ni kuchagua wakati, na wakati wa Newala si wakati wa London. Toleo jipya likitoka Aprili, watengenezaji wenyewe hawawaiti watu wa toleo lililotangulia siku hiyo. Kwa kawaida wito hutolewa Agosti hivi, toleo linapopata marekebisho yake ya kwanza, lile linaloandikwa 24.04.1. Na hata hapo kuna la kujifunza: mwaka 2024, muda mfupi tu baada ya wito, njia ya kupanda kutoka 22.04 ilisitishwa kwa muda kwa sababu hitilafu iligunduliwa katika chombo chenyewe cha kupandishia. Waliokuwa wa kwanza kubofya ndio waliogundua. Ushauri wangu kwa mgeni ni kwamba baada ya wito wa Agosti aongeze miezi minne hadi minane, awaachie wenye ujuzi na haraka wapite kwanza.

Miezi hiyo ya kungoja, kwa bahati njema, inaangukia pazuri kwa watu wa kusini. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba. Kidato cha pili na cha nne ni Novemba. Msimu wa korosho na minada yake huwaweka makarani wa vyama vya msingi vilivyo chini ya TANECU na MAMCU kazini usiku na mchana kuanzia Oktoba hadi mwisho wa mwaka. Katika miezi hiyo yote, mtu asiguse chochote zaidi ya viraka. Shule ina likizo ya Desemba. Chama cha msingi hupumua kuanzia Februari. Ofisi ya halmashauri iepuke Juni kabisa, maana mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 ya mwezi huo, na mhasibu anayekuta printa haitambuliki siku hiyo huwa na haki ya kukasirika. Wazee wa Kimakonde na Kimakua hawakuwahi kupeleka watoto jandoni wakati wowote tu walipojisikia. Walingoja kiangazi, mavuno yakiwa ghalani na kungwi akiwepo. Kila badiliko kubwa lina msimu wake.

Halafu kuna umeme na mtandao, ambao vitabu vya kigeni huuchukulia kama hewa. Kupanda toleo kwa njia ya mtandao huteremsha data nyingi, mara nyingi zaidi ya GB 1, kisha hubadilisha mfumo kwa muda unaoweza kufika saa moja na zaidi. Umeme ukikatika katikati ya hatua ya pili, mashine inaweza isiwake tena. Laptopu yenye betri nzima ni salama kiasi. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS ni kamari, hasa katika miezi ya mvua na radi. Mtandao nao si wa kutegemewa kama tunavyojidanganya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari na nchi ikayumba. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa na ikarejea baada ya siku kadhaa. Sababu za matukio haya mawili hazifanani hata kidogo, na la pili linastahili makala yake yenyewe. Lakini kwa kompyuta iliyo katikati ya kupanda toleo, yote mawili ni giza lilelile.

Kwa sababu hiyo simpendekezei mgeni wa Newala njia ya mtandao. Nampendekezea flashi. Faili moja la usakinishaji la Linux Mint ni takriban GB 3, la Ubuntu karibu mara mbili yake. Linateremshwa mara moja mahali penye mtandao mzuri, tuseme Masasi mjini au Mtwara, na likapanda mlima mfukoni mwa mtu mmoja. Flashi hiyo moja inatosha kompyuta 20 za maabara, wakati kila moja kuteremsha kwa bando lake ni kuchoma fedha za wazazi. Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaijui. Flashi ya Linux huweza kuiwasha kompyuta bila kugusa diski yake hata kidogo. Unaiwasha, unaonja: mtandao usio na waya unashika? Sauti ipo? Printa ya ofisi inatambuliwa? Skrini inasomeka? Kama jibu moja ni hapana, unaizima, unachomoa flashi, na toleo lako la zamani liko palepale kama ulivyoliacha. Ni mchuzi unaoonjwa kabla ya kuteremshwa jikoni.

Kuhusu namna ya kuhama, nirudi shambani. Mkulima anayo njia ya kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo kipya juu ya shina la zamani, na anayo njia ya kupanda mche mpya. Kupanda toleo juu ya mfumo uliopo ni kubebesha: shina linabaki na programu zako, lakini pamoja na magonjwa yake yote. Kusakinisha upya ni mche: unaanza safi, ila kwanza uokoe kilichomo. Mafundi wengi hubebesha. Mimi kwa mgeni napendelea mche, kwa sababu unamlazimisha kufanya jambo ambalo lingepaswa kuwa limefanyika tangu zamani, yaani kuweka nakala rudufu ya kazi zake mahali pengine, na kisha kuifungua nakala hiyo katika mashine nyingine ili kuthibitisha kwamba inafunguka. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haina tofauti na hati ya kiwanja ambacho hujawahi kukiona.

Mashine kuukuu sana zina kanuni yao. Debian 13, iliyotoka tarehe 9 Agosti 2025, haitoi tena kisakinishi cha prosesa za biti 32. Aliye na kompyuta ya namna hiyo asipande. Abaki Debian 12 wakati ingali inahudumiwa, na aanze kuweka akiba.

Lipo jambo moja linaloniuma kama mtu wa lugha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyoongea Kiswahili kuanzia menyu hadi maonyo. Ilikuwa kazi ya heshima, na istilahi nyingi tunazozitumia leo kwa kujiamini zilisuguliwa katika miradi ya namna ile. Lakini tafsiri ya programu haimalizwi mara moja kama tafsiri ya riwaya. Kila toleo jipya huja na maneno mapya, na asipokuwapo mtu anayelipwa au anayejitolea kuyafasiri, Kiswahili hubaki katika toleo la zamani na Kiingereza huchukua nafasi. Mtumiaji hulazimika kuchagua kati ya lugha anayoielewa na usalama anaouhitaji. Nawasihi wachague usalama, na kila nikisema hivyo naona haya kwa niaba ya taaluma yangu. Idara zetu za Kiswahili zina wanafunzi wa tafsiri kila mwaka. Kwa nini tasnifu zao zisiwe menyu za LibreOffice, sijapata jibu la kuridhisha.

Tuje sasa kwa mwajiri. Nimesema kana kwamba mgeni yuko peke yake, na kwa mashine ya nyumbani ni kweli. Ofisini mambo hubadilika. Mtumishi wa umma asipande toleo katika mashine ya Serikali kwa hiari yake, hata kama anajua. Halmashauri zina vitengo vya TEHAMA, na tangu Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 ipo Mamlaka yenye wajibu wa kusimamia viwango. Habari njema ni kwamba mifumo kama NeST ya manunuzi na ESS ya watumishi hufunguliwa kwa kivinjari, hivyo Linux si kikwazo kama ilivyodhaniwa zamani. Habari mbaya ni kwamba kivinjari kisichosasishwa ndicho mlango wa kwanza wa mwizi.

Na mwizi ana cha kuiba. Kompyuta ya chama cha msingi ina majina ya wakulima, kilo walizoleta ghalani na namba za akaunti zao za benki. Ya shule ina alama na taarifa za watoto. Ya zahanati sihitaji kusema. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayehifadhi taarifa hizo azilinde. Ofisi inayotumia mfumo uliokoma kuhudumiwa itapata taabu kueleza imezilindaje. Hilo linahusu Windows 10 iliyoachwa ijiendeshe, na linahusu vilevile Ubuntu 20.04 ambayo huduma yake ya kawaida ilikoma Mei 2025 na ambayo bado naikuta ikiendeshwa na watu wanaoamini kwamba jina la Linux ni hirizi.

Lawama yangu hapa si kwa karani. Sisi ni taifa linalokata utepe vizuri. Kompyuta zikikabidhiwa, kuna hotuba, kuna picha, kuna kitambaa cha satini. Baada ya hapo hakuna fungu la bajeti linalouliza ni nani atazisasisha, kwa bando la nani, na ni lini zitapandishwa toleo. Ofisi inapobadilisha mkuu, hati ya makabidhiano huorodhesha viti, meza na funguo. Iongezwe mistari mitatu kwa kila mashine: ina mfumo gani, toleo gani, na huduma ya toleo hilo inakoma tarehe ipi. Haigharimu hata shilingi, na itamwondolea mgeni mzigo wa kubahatisha mbele ya kidirisha kilichoandikwa kwa lugha ya watu wengine.

Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde. Ukisimama Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma na ng'ambo yake Msumbiji. Kwa vizazi vingi watu wa huko walishuka mteremko kufuata maji na kuupanda tena na mzigo kichwani. Aliyebeba ndoo hapandi kwa sababu tu mlima upo. Hupanda akijua anakokwenda, amebeba nini, na jua liko wapi. Masasi iko chini, magharibi, kati ya vilima vyake vya mawe, na mtandao wake unaweza kutosha kuteremsha lile faili la GB 3 kwa jioni moja.

Basi kwa mwalimu aliyeniuliza, ambaye maabara yake ina Ubuntu 22.04, jibu langu ni hili. Huduma ya kawaida ya toleo lake inakoma Aprili 2027. Kabla ya hapo ana likizo mbili ndefu, ya Juni 2026 na ya Desemba 2026. Ya Juni aitumie kuhamisha mashine moja tu hadi 24.04, iliyo mbovu kuliko zote, na kuiacha itumiwe na wanafunzi muhula mzima ili kasoro zake zijulikane. Ya Desemba ni ya mashine zilizobaki. Kidirisha kikitokea kabla ya hapo, abofye neno la kuahirisha, aendelee kusahihisha madaftari.